Tulivyowaficha Wageni Njaa

Wifi yangu Kadzo,

Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, mkono wa ngumbaru, kwa hivyo usinicheke. Leo sina raha. Mtu wa kumwambia ulikuwa wewe.

Tangu tukuzike mvua imetupita, lakini wageni tulipata. Walitoka Nairobi, watu wa ofisi moja ambayo kazi yake ni kufikiri. Kweli, wifi! Wanafikiri, wanaandika, halafu wanawashauri wakubwa jinsi ya kupunguza umaskini. Wanasema iko biashara ambayo faida yake haiingii mfukoni mwa mtu, inawarudia wanakijiji. Wanatafuta kijiji chenye shida wakaijaribu: mashine ya kusaga mahindi, waiendeshe akina mama, na asiye na kitu asagiwe pia. Nilifurahi mno. Unajua Dama wangu anavyokosa shule kila siku ya kusaga, debe kichwani mpaka barabara kuu na kurudi. Sitaki aje kuwa kama mimi.

Basi siku yao ikafika. Na sisi tukafanya nini? Tukafagia, tukaazima viti vya kanisa, vikombe vya Mwalimu, leso mpya za Mama Karisa. Nikachinja kuku wangu wawili waliobaki. Dada mmoja wa ofisi akafungua daftari, akauliza, "Mama, mna shida gani hapa?" Tukamjibu pamoja kama kwaya, "Hatuna shida, tu wazima!" Wifi, mgeni hajamaliza hata chai, utaanzaje kumlilia njaa? Akauliza tena. Nikamsogezea paja la kuku.

Jana dereva wao kaleta barua, Mwalimu akatusomea. Wanashukuru kwa ukarimu. Wameona kijiji chetu kinajiweza, mashine wataipeleka kwingine. Wenzangu walicheka. Dama akaniuliza, "Mama, kumbe sisi ni matajiri?"

Wageni wako hotelini, kule Bofa ufukweni, mpaka kesho adhuhuri. Nimesema nitawafuata. Mama Karisa akanijia juu, "Utatuvua nguo mbele za watu, wewe!" Simlaumu. Nikiwaza kuingia pale na ndara zangu, niseme chunguni hamna kitu, nakaribia kughairi. Na wakidhani nadanganya, baada ya kuku wale? Na bawabu akinifukuza getini?

Wewe ungesema bila kuogopa. La, ngoja, nisikusingizie. Miezi yote ile nilikuuliza, wifi, u hali gani, nawe ukaniambia, "Sijambo, ni uchovu tu," na huku unashika ukuta ukitembea. Nikakubali, maana kukubali kulikuwa rahisi. Siku tuliyokupeleka hospitali daktari akauliza mbona tumechelewa. Bado nina hasira nawe, Kadzo. Ningekubeba mgongoni. Ungeniambia tu.

Kwa hivyo kesho nakwenda. Sitavaa leso ya mtu. Nitamwambia yule dada wa daftari: mimi ni Kache, kwangu tunakula mara moja kwa siku, na kuku mliokula walikuwa wa mwisho. Njooni sasa hivi, kabla hatujafagia. Wakikataa, basi watakataa wakijua.

Mkono umechoka. Nilitaka kumaliza kwa kukuambia wanao wako salama, wanakula na kushiba, usiwe na wasiwasi. Nilishaanza kuandika hivyo, nikafuta. Wako kwangu, nawapenda kama Dama, hawatatoka kwangu. Lakini juzi walilala na uji mtupu, na mdogo alilia.

Nakuahidi, wifi, nitamwambia yule dada haya haya. Pumzika.

Mimi,
Kache