Dume Mweusi Asiye na Pembe

Malindi, Lushoto
Jumapili, baada ya ibada

Kaka Rubeni,

Mbaazi, ng'ombe wa mama, alikufa Jumanne iliyopita kabla ya adhuhuri, bandani kwangu, akizaa. Habari hiyo unayo, maana nilikupigia mwenyewe, tukaishia kukatiana simu. Naiweka hapa juu ili isijifiche nyuma ya salamu.

Sasa shikamoo, kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti la wifi Happiness limepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Baridi imebana na ukungu hauondoki mpaka saa nne, lakini majani ya guatemala ya kulishia ng'ombe kwenye makinga maji yamestawi, na madume wangu sita wa kunenepesha wanakula kama wako kwenye mashindano. Namshukuru Mungu. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unanizidi sauti.

Ulisema Jumanne kwamba kifo ni mipango ya Mungu. Mimi sibishani na Mungu. Nabishana na dume namba 208.

Unakumbuka sharti la mama. Alituachia ng'ombe mmoja sisi wawili, akasema kila akizaa na ndama akaachishwa, ahamie kwa mwenzake. Majirani wakacheka, wakasema ng'ombe wa kina Rubeni ana likizo nyingi kuliko mwalimu. Lakini miaka yote hiyo nimekuja Mgwashi kwa ajili ya Mbaazi, nikala ugali wa wifi, nikalala, tukaongea Kishambaa mpaka watoto wakatushangaa. Bila yule ng'ombe tungekuwa ndugu wa misibani.

Zamu ilipokuwa yako mwaka jana, nilikutumia ujumbe kwa Ibrahimu, mtaalamu wa uhimilishaji, yule anayepita na pikipiki na mtungi wake wa mbegu. Katika orodha yake ya madume wa nyama nilizungushia kalamu namba 417. Aliniambia ulicheka, ukasema dada yako hachagui dume, anaajiri karani, hata picha haangalii. Ukachukua 208. Mbaazi akarudi kwangu na mimba yake, nikaona namba ya dume kwenye kadi yake, nikakaa kimya miezi saba nikimkatia majani na kumwomba Mungu.

Nikueleze zile namba, maana ulizidharau bila kuzisoma. Si uzito wa dume mwenyewe. Ni makadirio ya anachowarithisha watoto wake, wakilinganishwa na watoto wa dume wa kawaida. Wako anaongeza kilo hamsini na mbili ndama akifika mwaka mmoja. Wangu anaongeza thelathini na moja. Hapo umenishinda. Lakini wako anaongeza kilo nne ndama akiwa bado tumboni, na kwenye urahisi wa kuzaa ana hasi tisa: katika kila mitamba mia wanaozaa mara ya kwanza, tisa zaidi watahitaji kuvutwa ndama. Wangu ana chanya nane. Dume wako anafaa, kaka, kwa ng'ombe wakubwa wa mashamba ya tambarare. Mbaazi alikuwa wa kienyeji, kilo mia mbili na sabini kwa utepe wa kupimia, nyonga nyembamba, wa milimani kama sisi.

Bwana Edgar, daktari wa mifugo, alifika mapema na alifanya kila alichoweza. Nyonga za ndama zilikwama. Ndama alipotoka alikuwa amekufa, na Mbaazi alivuja damu, akalaza kichwa kwenye majani niliyomkatia asubuhi, hakuinuka tena. Nilimpima yule ndama. Kilo arobaini na moja. Ndama wa Mbaazi waliotangulia hawakuzidi ishirini na tano.

Kwa hiyo nikawaambia watu wa huku kwamba kaka yangu ameua ng'ombe wa mama kwa tamaa ya kilo ishirini na moja. Nilisema hivyo hadi kisimani.

Juzi Ibrahimu alikuja kunipa pole, na nikamwambia yeye pia. Akakataa. Akasema hukuuliza kilo hata moja. Ulikuwa unafunua kurasa haraka haraka, ukafika kwenye picha ya dume mwekundu mwenye baka jeupe usoni, ukasimama. Ukauliza kama mbegu zake zipo, basi.

Nilimwelewa pale pale. Saburi. Dume wa mama aliyekuwa anakufuata mpaka njia panda ya shule na kukukwangulia paji lake kwenye sweta. Siku alipopelekwa mnadani ulijificha kwenye miti ya miwati kilimani, mama akapanda kukutafuta na sahani ya makande mkononi, nawe ukakataa kula. Mimi nilikula lile fungu lako. Hata sasa nikinusa miwati iliyokatwa namwona yule dume anapandisha kilima, mwekundu kwenye ukungu.

Jambo ambalo sikukuambia kwenye simu ni hili: ndama alikuwa mwekundu, na baka jeupe usoni, mahali pale pale lilipokuwa la Saburi. Nilimzika mwenyewe juu ya shamba la viazi, kwa sababu sikutaka Bwana Edgar aone nalia kwa ajili ya ndama.

Lakini kuna kitu wewe hukijui, maana siku ile ulikuwa shuleni. Mama alipompeleka ng'ombe kutafuta dume, mimi ndiye niliyeshika kamba nyuma yake. Tuliwapita madume wawili wazuri, wenye nundu na pembe za kupigia picha. Tukafika kwa Mzee Hamza, njia ya Mponde. Mama akamwamkia, kisha akamwacha na sifa zake, akaenda jikoni kwa mkewe, Bi Zainabu. Akamuuliza ndama wa dume wao hutokaje. Bi Zainabu akasema hutoka kama sabuni, hata chai anayoiacha mezani haijawahi kupoa. Njiani mama akaniambia mwanaume atakusifia dume, lakini aliyeshika miguu ya ndama ni mke wake, muulize yeye.

Dume wa Mzee Hamza alikuwa mweusi, hana pembe, sikio moja limechanika. Huyo ndiye baba yake Saburi. Wewe usingemtazama mara mbili. Na zile namba zangu ni swali la mama lile lile, ila wameulizwa wenye ng'ombe wengi kuliko Bi Zainabu.

Amebaki Kunde, binti wa Mbaazi, hapo bandani kwako. Mwingine wa damu ile hayupo. Mtamba ana nyonga kama za mama yake, na Jumamosi tunategemea ataingia kwenye joto. Ibrahimu anachukua mbegu Lushoto Ijumaa mchana.

Nisalimie wifi na watoto. Barua hii anakuletea Ismaili, anayerudi huku Alhamisi na gari la kabichi. Mpe majibu yako mkononi. Usinipigie simu, na usiniandikie habari za mipango ya Mungu. 417 ni mweusi, hana pembe, na picha yake ni mbaya kweli. Kunde apandishwe huyo, ndiyo au hapana? Nataka neno moja, kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Mimi mdogo wako,
Beatha