Siku Mama Theresia Alipopima Maji Mwenyewe

Jumamosi jioni, Karatu.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, hata paa la jirani sikuliona. Kule bondeni Baray nimekuta jua kali, vumbi na harufu ya vitunguu vinavyovunwa. Sasa nimerudi nyumbani, miguu inauma, na ninaandika kabla furaha haijapoa.

Ninasomea kemia ya maji Arusha, na mwaka huu wote akili yangu imekuwa kwenye kisima cha kitongoji kimoja cha Baray. Maji yake ni matamu, maangavu, ya baridi. Pia yana aseniki, sumu inayotoka kwenye miamba ya chini, isiyo na rangi, harufu wala ladha. Kilipopimwa, kilifungwa kwa kufuli. Tangu hapo akina mama huchota kwenye mfereji wa mashamba, wakipishana na ng'ombe.

Chujio ninalolitengeneza linatumia vipande vya kaboni vyembamba mno, unene wa atomu chache tu. Kwa wembamba huo, karibu kila sehemu ya kipande iko nje, tayari kunasa kitu. Tumevipaka chembe za kutu ya chuma, maana aseniki hung'ang'ania kutu.

Jaribio la kwanza lilinitoa machozi.

Maji yalitoka ya kijivu, yamebeba vipande vyenyewe. Mama Theresia, mwenyekiti wa kamati ya maji, aliitazama ndoo, akaimwaga. Nikarudi Arusha, nikavifungia vile vipande ndani ya punje ngumu za ute wa mwani. Safari hii vilitulia.

Leo nimepeleka kisimani chujio jipya na majibu ya vipimo vya maabara mbili. Yote mazuri. Nakiri nilitegemea makofi.

Mama Theresia alinisikiliza mpaka mwisho. Viganja vyake vina sugu ambazo daktari alimwambia hazikutokana na jembe bali na maji ya kisima.

“Binti yangu, hizo punje zikishiba sumu, zitatuambia?”

Nilitamani sana kusema ndiyo.

“Hapana, mama. Maji yatakuwa na ladha ileile. Mtajua kwa kupima tu.”

Watu waliokusanyika kisimani wakaanza kunong'ona. Mzee Bura, mlinzi wa kisima, akasema basi afadhali kufuli libaki palepale. Alikuwa na haki ya kuogopa.

“Nifundishe kupima,” akasema Mama Theresia. “Siwezi kuwafungulia watu maji kwa kutegemea macho ya mtu anayekaa Arusha.”

Nikatoa kichupa, unga wa kupimia na karatasi inayowekwa kwenye kifuniko. Tulianza na maji ya kisima yasiyochujwa, ndoo moja aliyonichotea Mzee Bura nilipofika kabla ya kurudisha kufuli. Tukasubiri. Karatasi ikageuka kahawia, dalili ya sumu.

Mama Theresia aliiinua juani. “Haya ndiyo tuliyokuwa tunakunywa?”

“Ndiyo, mama.”

Yakafuata maji yaliyochujwa. Hakuna aliyeondoka, hata wale walioacha vitunguu shambani. Mimi niliyesoma majibu ya maabara kwa sauti ya kujiamini, nikajikuta nikihesabu dakika.

Mama Theresia alifungua kifuniko.

Nyeupe.

Hakuridhika. Akarudia yeye mwenyewe, kila hatua, akinizuia nisimsaidie. Nyeupe tena. Hapo ndipo akamwambia Mzee Bura alete ufunguo.

Kikombe cha kwanza kilichotoka kwenye chujio alinipa mimi. “Anza wewe,” akasema, na sikumlaumu. Nilikunywa chote. Kisha akajaza chake, akanywa polepole, huku watu wakipanga ndoo nyuma yake bila kusukumana.

Najua kisima kimoja si wilaya nzima. Najua punje zitachoka, na kuna kazi ya kutafuta namna ya kuzibadilisha kwa urahisi. Lakini leo sioni sababu ya kuogopa kazi hiyo.

Nilipokuwa nafunga mizigo, nikamwahidi Mama Theresia kwamba mwezi ujao nitakuja kupima.

“Kupima nitapima mimi,” akasema. “Wewe njoo tunywe chai.”