Kocha Telesphory Amemchongea Meshack

Safina, acha unachofanya usome. Natoka uwanjani Katubuka sasa hivi.

Leo yule mtafuta vipaji wa Marekani amekuja kumpima Meshack wetu kabla ya drafti, ile siku timu za kule zinapochagua wachezaji wapya wa kikapu.

Basi Meshack anafunga viatu, anamsikia Kocha Telesphory akimnong'oneza mgeni, "Huyo goti lake limekufa. Mtazame mpwa wangu." Kocha wake mwenyewe, shoga. Limekufa, anasema.

Meshack akamaliza kufunga viatu. Alimwendea mgeni akaomba kitu kimoja tu, apangwe kumkaba huyo mpwa.

Alimnyima hata pumzi. Kila mpira mpwa aliourusha, Meshack aliuzaba kofi ukaangukia miguuni kwa kocha. Mwishowe mpwa akaomba kutoka mwenyewe, jasho na machozi pamoja. Goti limekufa, na huku mtu anaruka mpaka kiwiko kinagusa ringi.

Mgeni akamwita Meshack, akamwambia anamtaka kambini kwao Marekani. Kisha akauliza, "Nani amekufundisha?" Kocha keshasogea, kifua mbele, anatabasamu, tayari kwa picha.

Meshack akamtazama taratibu. Akasema, "Dada yangu Melania, aliyekuwa akiniokotea mipira kila jioni. Huyu mzee simfahamu."

Simfahamu. Mbele ya uwanja mzima.

Kocha alibaki na tabasamu lake, hajui alipeleke wapi. Meshack akamfuata dadake aliyekuwa pembeni mwa uwanja, akambeba mgongoni, wakampita kocha hivyohivyo bila kugeuka.