Fidya Niliyoila Mwenyewe

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijavikwa sanda, kwa sababu nimeficha jambo hili tangu Ramadhani ilipoingia: nyumba nzima inaamini nimefunga, nami nakula kila mchana. Daktari amenikataza kufunga kwa ajili ya sukari na moyo, wala haoni kama nitapona, na dini imeniruhusu nitoe fidya, yaani nilishe maskini kwa kila siku nisiyofunga, lakini mimi ni mwalimu mkuu mstaafu, niliyekuwa nikiwaambia watoto watoe ndimi niwakague kama kweli wamefunga, sasa nitaanzaje kusema nimeshindwa? Basi nikamwomba mke wangu apike chakula cha fundi viatu wa pale kona, nikidhani ana vidonda vya tumbo na hafungi, nikabeba hotpoti mwenyewe na mkongojo wangu, lakini fundi akang'aka, "Mzee, nami nimefunga, unataka kuniponza?" Chakula kilikuwa cha moto, kumwaga ni israfu, nikaketi nyuma ya kibanda chake katikati ya viatu vibovu nikakila, na kesho yake vivyo hivyo, na mpaka leo mke wangu akiona hotpoti limerudi linang'aa husema, "Maskini wa Mungu, ana njaa huyo!" kisha huongeza. Juzi alasiri imamu akasema msikitini, "Vijana, mwoneni mzee huyu, anafunga na analisha," nami papo hapo nikacheua vitunguu. Swali langu: kwa kuwa pensheni yangu haifiki katikati ya mwezi, mimi pia ni maskini, je, haiwezi kuhesabiwa kwamba maskini amelishwa?

Mwalimu Mstaafu

*

Mzee wangu, shikamoo, na pole kwa maradhi. Sasa nisikilize: haihesabiwi! Saumu humwonjesha mwenye shibe njaa ya asiye nacho, na asiyeweza kufunga hutoa chakula ili tumbo la mwenzake lishibe. Wewe njaa umeikwepa, na shibe ya mwenzako ukaichukua. Mungu amekuruhusu kula. Nani alikutuma kujificha kwenye viatu? Kula mezani kwako, mbele ya mkeo, umeze na dawa. Chakula cha fundi kipelekwe magharibi, tena abebe mtu mwingine, maana wewe na hotpoti hamwaminiki. Siku zilizopita mwulize imamu utazilipaje, na umwombe asikusifu tena. Halafu hivyo vidonda vya tumbo havijaniingia akilini. Fundi yuko hapo kona. Kweli hukujua kwamba anafunga?

*

Mshauri, nimemwambia mke wangu. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwalimu, tangu lini fundi viatu akapikiwa bila chumvi?" Kumbe daktari alimwambia yeye kwanza. Jana magharibi alipeleka chakula mwenyewe, na hotpoti limerudi limekwanguliwa. Imamu amenipangia namna ya kulipa, huku akiuma midomo asicheke.

Umeniuliza kuhusu fundi. Huwa tunaswali safu moja. Nilijua anafunga, ndiyo maana nilimchagua yeye.