Magoti ya Dereva

Mjukuu wangu Salim,

Nakusalimu kutoka Al Wukair, hapa Qatar, nyumbani kwa baba yako mdogo, dereva wa hoteli kule West Bay, Doha. Sote wazima, alhamdulillahi. Macho yangu yamechoka, kwa hiyo kalamu ameishika binti yake, Zuhura.

Umeniuliza kama uombe kuhamishwa kwenye udereva, maana wenzako jeshini wanaicheka sare yako yenye mafuta.

Baba yangu aliendesha lori la jeshi enzi za kuwasha injini kwa kuzungusha hendeli. Sare yake niliifua mimi. Kila siku magoti yalibaki meusi, na jirani akimwona hakosi neno: "Afande, umeliendesha lori au limekuburuta?" Baba alicheka. Mimi nililia.

Asubuhi moja akanichukua kambini. Kabla ya safari alipiga magoti kwenye kila gurudumu, akaligonga, akasikiliza. Kwenye gurudumu la nyuma alikawia, akakaza nati kwa mikono yote miwili. Ndipo akawaita askari wapande. Mmoja, kijana wa rika lako, alipanda huku anaimba, hana habari ya ile nati.

Tangu siku hiyo niliyafua yale magoti bila kulia.

Uamuzi ni wako, mwanangu. Jana baba yako mdogo alirudi kutoka kazini, suruali yake nyeusi imejaa vumbi gotini, maana naye hukagua magurudumu kabla ya kupakia wageni. Zuhura akaniuliza, "Bibi, nilifue hili goti?"

Nikamwambia alifue tu. Kesho litachafuka tena, inshallah.

Bibi yako akupendaye