Puli Niliyokataa Ibadilishwe

Jumamosi, Ayany

Salamu kwako, daftari langu, na uniwie radhi kwa kukuacha tangu Jumatano. Nilikuwa na hasira. Leo nina haya.

Siku ile gari lilipoanza kukwaruza, nilimwambia fundi Atieno, mbele ya wateja wake pale Kawangware, kwamba ameiharibu supachaja, ile pampu ya hewa ya injini aliyoiunda upya. Bwana Luka wa Soweto East, aliyekuwa akingoja zamu, alinisikia akaondoka na pikapu yake.

Leo niliporudi kwake, Atieno hakunijibu kwa ukali. Alichukua kipande cha mpira wa maji, akaweka ncha moja sikioni mwangu na nyingine kwenye supachaja. Nikasikia mvumo laini tu. Akaihamishia kwenye puli, kile kigurudumu kinachopitisha mkanda wa injini, nikasikia kama kokoto zinasagwa.

"Mzee, si hii ndio ulikataa nibadilishe?" akacheka. "Ati bado ni nzima!"

Ndivyo nilivyosema. Ustadi ulioje, na subira iliyoje! Marehemu mke wangu alinisihi miaka yote nisikilize kwanza...

Puli mpya imekwisha kufungwa. Nimemwandikia Bwana Luka barua ya kukiri kosa langu. Nitampelekea mimi mwenyewe kesho, kwa gari hili hili, asikie lilivyotulia.