Shati la Baba

Kibokoni, Mombasa
Jumatatu

Dada yangu Mirriam,

Salamu zikufikie huko Voi ukiwa mzima, pamoja na shemeji na huyo mdogo ambaye naambiwa sasa anatambaa hadi chini ya kabati na hataki kutoka. Je, kile kikohozi cha vumbi kimekuacha? Mimi sijambo, nakula na kulala vizuri. Naanza na hilo kwa kuwa najua ndilo utakaloliuliza kwanza. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika ninakokwenda.

Maonyesho yetu yalifunguliwa Ijumaa, katika ukumbi wa chini wa nyumba ninamopanga. Aliyeyaandaa ni Musyoka, yule mchoraji mwenzangu uliyesema anacheka kama jenereta. Picha zangu ni nne, na tatu hazikumsumbua mtu. Ya nne ina ukubwa wa mlango, nimeichora kwa makaa juu ya kitambaa cha marekani: mwanamume amelala chali, kifua wazi, kona ya kontena imemlalia tumboni, mguu mmoja una ndara na wa pili hauna.

Ndiyo, dada, ni baba. Usiichane barua, endelea kusoma.

Ulimwambia mama kwamba moyo wa baba ulisimama kazini, pale yadi ya makontena Shimanzi, ukashikilia jeneza lisifunguliwe, nami nikaitikia. Ukweli wa kontena ulinipa mimi peke yangu, siku ile tukikuna nazi, bila kuinua uso. Sikukuomba ruhusa ya kuuchora. Nilijiambia kwamba ni baba yangu pia. Tangu siku ile nimetaka kujua ulichokiona kule chumba cha maiti, na mimi sina njia nyingine ya kujua kitu ila kukichora.

Sasa nikueleze watu walivyofanya, maana nilikaa pembeni nikiwatazama zaidi kuliko wao walivyoitazama picha. Bi Mahira, mwenye nyumba, kila akipita kwenda jikoni aliifunika kwa leso. Musyoka anafunua, yeye anafunika. Leso yenyewe alikwenda kuinunua Biashara Street, akisema zake hazitoi kwa maiti asiyemjua. Alinisuta mbele ya wageni kwamba wenzangu wachora milango ya kale na watalii wanunua, mimi nachora mauti niyapeleke wapi? Musyoka akamjibu kwa adabu kwamba kazi ya sanaa ni kumtikisa mtu. Bi Mahira akamuuliza, "Na akishatikiswa akaanguka, mwanangu, nani atamwokota?" Nimekaa na swali hilo hadi leo.

Madereva wawili wa Shimanzi waliingia wakitaniana, wakavua kofia. Mmoja akasema afadhali jambo hili lionekane, maana ajali ikishafagiliwa huwa kama haikutokea. Nikafurahi, nikajiona nimetenda haki. Kisha mwanamke mmoja akauliza, nami nimesimama ubavuni pake, kama aliyechora kitu hiki ana mama.

Ninaye, dada, na Jumamosi alikuja.

Mimi nilikuwa nimemwambia maonyesho ni mwezi ujao. Musyoka ndiye aliyempigia simu Mariakani, akidhani ananitendea wema. Nilimwona mama mlangoni na kifurushi cha mihogo, anavua viatu kama anayeingia matangani. Leso ilikuwa juu ya picha. Nikasimama kuikinga na kuanza kumwonyesha zile nyingine. Akaniambia nisogee. Aliishusha leso mwenyewe, akaikunja taratibu kama akunjavyo nguo zilizokauka, akatazama. Nilingoja yowe. Badala yake aliniuliza kwa nini kifua ki wazi.

Akasema mumewe, Menza, hakuwahi kuketi mbele ya wageni bila shati. Hata akiwa na homa, kabla mlango haujafunguliwa aliomba shati. Nikajitetea kwamba nilitaka jeraha lionekane. Akasema jeraha analijua.

Analijua, Mirriam. Wenzake baba walimweleza matangani, wakidhani amekwisha kuambiwa. Nikamuuliza mbona miaka yote hii amenyamaza. Akajibu kwamba alikuona umerudi kutoka chumba cha maiti umejitwika mzigo, shingo imekaza, akahofia akiupokea ghafla utapepesuka. Amesema nikuandikie uutue. Nami nilikuwa nikidhani yule wa kulindwa ni yeye.

Musyoka alimsihi akisema kifua kile ndicho nguvu ya picha. Mama akamuuliza kwa upole, huyu ni baba wa nani? Musyoka hakucheka. Bi Mahira akaleta chai ya tangawizi, wakaketi wote wawili wakila mihogo mbele ya picha, wakizungumza habari za waume zao.

Leso imerudi juu ya picha, na safari hii nimeifunika mimi. Nitamvika baba shati, lakini mama hajui alivaa lipi. Alipotoka kwenda kazini alfajiri ile, mama alikuwa shambani. Nawe siku ile ya nazi ulitaja ndara, hukutaja shati, nami sikuuliza. Pale ulipokomea nilijaza mwenyewe.

Basi leo nauliza. Lilikuwa shati gani, na alikuwa amelifunga vifungo hadi wapi? Kama hutaki kusema, sema hutaki, na picha haitafunuliwa tena.

Mama anakusalimu sana, na Bi Mahira pia, ingawa hakujui. Mbusu mdogo kwa ajili yangu atakapotoka chini ya kabati.

Ni mimi, mdogo wako,
Dama